Kupindwa au Kupindika? Historia ya Lenzi ya Uvutano na Istilahi Zake, kwa Kutazama Mbulu na Hanang

1.0 Utangulizi

Tarehe 31 Mei 1979 jarida la sayansi la Nature lilichapisha makala fupi ya wanaastronomia watatu: Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann. Kichwa cha makala hiyo kilikuwa swali. Katika kundinyota la Dubu Mkubwa walikuwa wameona nukta mbili za mwanga zilizotengana kwa takriban sekunde 6 za tao, ilhali digrii moja ina sekunde 3,600. Mwanga wa nukta hizo ulipochanganuliwa, ulionekana kuwa na sura ileile. Je, hizo zilikuwa kwasa mbili pacha, au kwasa moja iliyoonekana mara mbili kwa sababu galaksi iliyo njiani iliupinda mwanga wake?

Kwasa ni kiini king'aacho mno cha galaksi ya mbali, ambacho nishati yake hutokana na maada inayoporomokea kwenye shimo jeusi kubwa. Kwa mwanafizikia, swali la mwaka 1979 lilihusu vipimo. Kwa mwanaisimu, lilihusu pia jina. Kuziita nukta hizo pacha ni kudai kwamba vitu vipo viwili. Kuziita taswira za lenzi ni kudai kwamba kitu kipo kimoja. Jina lilikuwa dai kabla ya kuwa lebo.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya dhana ya lenzi ya uvutano tangu kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919 hadi leo, na unaonyesha kwamba katika hatua zake kubwa palizuka ubishi juu ya jina, na kwamba ubishi huo haukuwa wa mapambo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kinapopokea dhana ya sayansi hakipokei neno tupu. Hupokea pia dai lililofichwa ndani ya neno, na muundaji wa istilahi hana budi kulijua dai hilo kabla ya kulitia kamusini. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zimechaguliwa kuwa uwanja wa mjadala kwa sababu zinazoelezwa katika sehemu inayofuata.

2.0 Kwa Nini Mbulu na Hanang

Ni sehemu chache sana barani Afrika ambapo lugha zisizo na nasaba moja huishi karibu kama hapa. Kiiraqw, ambacho wengi hukiita Kimbulu, ni lugha ya Kikushi. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti cha Kusini, yenye undugu na Kikalenjin cha Kenya. Kihadza, kinachozungumzwa katika bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi na watu wapatao elfu moja, ni lugha yenye vidoko ambayo undugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitishwa. Wapo pia wasemaji wa lugha za Kibantu kama vile Kinyaturu na Kinyiramba. Wanaisimu wameijua hazina hii kwa muda mrefu. W. H. Whiteley alichapisha maelezo yake ya Kiiraqw mwaka 1958. Franz Rottland alichunguza lugha za Kiniloti cha Kusini katika kitabu cha mwaka 1982. Maarten Mous alitoa sarufi kamili ya Kiiraqw mwaka 1993. Na mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Mwaka 2008 Kießling, Mous na Derek Nurse walieleza jinsi lugha za eneo hili la Bonde la Ufa zilivyoazimana sifa za kisarufi ingawa asili zao ni mbalimbali.

Katika mazingira haya Kiswahili ni lugha ya shule, ya mnada, ya zahanati na ya ofisi, lakini kwa wengi si lugha waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Istilahi ya sayansi inayofika Dongobesh, Haydom au Katesh kwa Kiswahili haiwezi kutegemea hisia ya mzawa wa Unguja au wa Mrima anayeitambua maana kabla ya kufafanuliwa. Ni lazima isimame kwa mofolojia yake yenyewe, ili anayejifunza aweze kuifungua kama afunguavyo kifungu na kukuta ndani yake kile kilichoahidiwa. Kwa hiyo Mbulu na Hanang ni mahali pa kuzijaribia istilahi za Kiswahili kwa haki.

Sababu ya pili inahusu jua. Kwa Kiiraqw, Looaa ni jina la jua na pia la Mungu, na ni wa kike. Kwa Kidatooga, Aseeta ni Mungu, na jina hilo lina undugu na Asiis ya Wakalenjin, ambayo nayo ni jua na Mungu. Wahadza humtaja Ishoko, ambaye ni jua na pia mhusika mkuu katika simulizi zao za uumbaji. Wachaga, walio mbali kidogo upande wa mashariki na wasemao lugha ya Kibantu, wana Ruwa, aliye jua na Mungu vilevile. Kiswahili hutenga jua na Mungu katika maneno mawili. Basi sentensi isemayo kwamba jua huupinda mwanga wa nyota haitui kwa uzito uleule katika lugha zote hizi. Jambo hili si la pembeni, kwani kitu cha kwanza ambacho binadamu walipima jinsi kinavyoupinda mwanga kilikuwa jua.

3.0 Alasiri ya Tarehe 29 Mei 1919

Wazo kwamba mwanga unaweza kuvutwa ni la zamani. Mwaka 1801 Johann Georg von Soldner wa Ujerumani, akitumia kanuni za Newton, alikokotoa kwamba mwale wa nyota unaopita ukingoni mwa jua ungepinda kwa kiasi kisichofika sekunde moja ya tao. Albert Einstein alipokamilisha nadharia yake ya jumla ya uhusianifu mwaka 1915, alipata kiasi maradufu: sekunde 1.75. Kipenyo cha jua lionekanavyo angani ni sekunde 1,900 hivi, kwa hiyo kiasi hicho ni kama sehemu moja ya elfu ya upana wa jua. Kukipima kulihitaji nyota zilizo karibu kabisa na jua, na nyota hizo huonekana tu jua linapopatwa.

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilianzia Amerika Kusini, kikavuka kaskazini mwa Brazili na Bahari ya Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe, kisha kikaingia bara na kulivuka Kongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Wanaastronomia wa Uingereza walituma misafara miwili. Andrew Crommelin na Charles Davidson walikwenda Sobral, Brazili. Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikwenda Príncipe. Wakati wa maandalizi, kituo cha tatu kando ya Ziwa Tanganyika kilifikiriwa, lakini hakikuwezekana. Kama kingewezekana, moja ya vipimo mashuhuri zaidi vya karne ya ishirini lingefanyika katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili, jua likiwa limeshainama magharibi.

Mbulu na Hanang zilikuwa kaskazini ya njia ya kivuli kamili. Huko, penye anga safi, jua lilikuwa la kuonekana limemegwa kabla ya kuchwa. Mwezi huohuo, tarehe 7 Mei, mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa yameamua mjini Paris kwamba koloni lililokuwa la Wajerumani likabidhiwe Uingereza. Kwa mtawala mpya na kwa mtawaliwa, ilikuwa jioni ya mambo mengine kabisa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba kumegwa kwa jua kulihusiana na umbo la nafasi na wakati.

Nyota zilizopimwa siku hiyo zilikuwa za kishada cha Hayadi, katika kundinyota la Ng'ombe. Jirani yao katika kundinyota hilohilo ni Kilimia, kishada kinachojulikana sana na wakulima na mabaharia wa pwani. Jina Kilimia linatokana na kitenzi -lima, na mnyambuliko wake umeenea mbali katika lugha za Kibantu. IsiLimela ya Kizulu na Kixhosa ni ndugu yake. Mwishoni mwa Mei, Kilimia huwa kimemezwa na mwangaza wa jua na hakionekani, na kutoweka huko, pamoja na kurejea kwake alfajiri baadaye, kumekuwa alama ya majira kwa vizazi vingi. Kwa hiyo elimu ya kale na elimu mpya zilitazama upande uleule wa anga katika juma lilelile. Moja ilisoma kutoonekana kwa nyota. Nyingine ilingoja dakika chache za giza ili zionekane.

Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yalitangazwa mjini London: sekunde 1.98 kwa Sobral na 1.61 kwa Príncipe, kila moja ikiwa na kadirio la makosa yake. Yalikuwa karibu zaidi na 1.75 ya Einstein kuliko nusu yake ya Newton.

4.0 Dengu, Adesi na Lenzi

Mwezi mmoja baadaye, Desemba 1919, mwanafizikia Oliver Lodge aliandika katika Nature kwamba haifai kusema uga wa uvutano wa jua hufanya kazi kama lenzi, kwa sababu hauna urefu wa fokasi. Hivyo matumizi ya neno lenzi kwa jambo hili yalipingwa tangu mwanzo, na aliyeyapinga alikuwa na hoja.

Ili kuiona hoja hiyo yafaa kurudi kwenye neno lenyewe. Lenzi ya Kiswahili imetoka Kiingereza, na Kiingereza kilitoa Kilatini, ambako lens ni dengu. Kioo kilichobinuka pande zote mbili kilifananishwa na punje ya nafaka hiyo ya jamii ya kunde. Kijerumani kina neno moja, Linse, kwa vyote viwili. Kiarabu kina adasa kwa lenzi na adas kwa dengu, na Kiswahili chenyewe kimehifadhi adesi kwa maana ya dengu. Kama istilahi hii ingetupitia kwa njia ya Bahari ya Hindi, kama zilivyopita darubini, falaki, Zuhura na Mushtarii, huenda lenzi ingeitwa adesi. Ilikuja kwa njia ya shule za kikoloni, na punje ikabaki nyuma. Anayesoma fizikia kwa Kiswahili hukuta lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, na hapo mofolojia humsaidia, kwani -binuka na -bonyea ni vitenzi anavyovijua. Lakini lenzi yenyewe haimwambii kitu.

Lenzi mbinuko ya kioo hupinda zaidi miale inayopita karibu na ukingo wake, na ile inayopita katikati haiipindi kabisa. Ndiyo maana miale sambamba hukutana kwenye nukta moja. Uvutano hufanya kinyume. Mwale unaopita karibu na kitovu cha maada hupinda sana, na unaopita mbali hupinda kidogo. Miale hiyo haikutani kwenye nukta moja, bali hukutana mfululizo kwenye mstari mrefu. Kitu cha nyumbani kinachoiga tabia hiyo ni kitako cha glasi ya mvinyo, kilicho kinene katikati na chembamba pembeni: ukitazama mshumaa kupitia kitako hicho, utauona umegeuka pete, au vipande viwili vya tao, au nukta nne. Maumbo hayohayo ndiyo yanayoonekana angani.

Jina lenzi lilishinda licha ya Lodge, na lilishinda kwa sababu linasema jambo la kweli: kwamba mwanga hukusanywa, na kitu cha nyuma huonekana kikubwa zaidi na chenye kung'aa zaidi. Lakini linabeba pia jambo lisilo la kweli, yaani fokasi moja. Lugha iliyolipokea jina hilo ilipokea yote mawili.

5.0 Kutoka Nyota hadi Galaksi

Kwa miaka mingi lenzi ya uvutano ilikuwa wazo la karatasini. Mwaka 1936 Einstein, akihimizwa na mhandisi Rudi Mandl, aliandika taarifa fupi katika jarida la Science kuhusu nyota moja kufanya kazi kama lenzi kwa nyota nyingine. Alieleza kwamba hapakuwa na matumaini makubwa ya kuliona jambo hilo. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky alilipanua wazo hilo: galaksi ni nzito mno kuliko nyota, na kwa hiyo zinafaa zaidi kuwa lenzi.

Kilichokosekana ni taa ya kutosha nyuma ya lenzi. Ilipatikana mwaka 1963, Maarten Schmidt alipotambua kwamba kitu kiitwacho 3C 273, kilichofanana na nyota ya kawaida, kilikuwa mbali sana nje ya galaksi yetu. Mwaka 1964 Hong-Yee Chiu alifupisha jina refu la vitu hivyo vilivyofanana na nyota na kuunda neno ambalo Kiswahili hulitamka kwasa. Mwaka huohuo Sjur Refsdal wa Norwei alionyesha kwamba, kitu cha mbali chenye kubadilika mwanga kikionekana mara mbili, tofauti ya muda wa kufika kwa taswira zake ingeweza kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu.

Hapo ndipo swali la 1979 lilipokuja. Kufikia mwaka 1980 galaksi iliyo mbele ilikuwa imeonekana, na ubishi wa pacha na lenzi ukamalizika kwa ushindi wa lenzi. Mwaka 1985 John Huchra na wenzake walitangaza kwasa nyingine iliyoonekana mara nne kuizunguka galaksi, ikaitwa Msalaba wa Einstein. Mwanga wa galaksi hiyo husafiri miaka milioni 400 hivi kutufikia. Wa kwasa iliyo nyuma yake, miaka bilioni 8 hivi.

Mbingu za Manyara zina vyote viwili. Mbulu ipo karibu digrii 4 kusini ya ikweta, hivyo kwasa ya Dubu Mkubwa haipandi zaidi ya digrii 30 hivi juu ya upeo wa kaskazini, na huwa hapo mapema usiku katika mwezi wa Aprili, wakati wa mawingu ya masika. Msalaba wa Einstein hupita karibu na utosi usiku wa Oktoba. Hakuna jicho tupu liwezalo kuviona. Vinahitaji darubini kubwa. Hata hivyo, mwanga wake hushuka juu ya Mlima Hanang kama unavyoshuka kwingineko.

Mlima huo unafaa pia kueleza wazo la Refsdal. Hanang umesimama peke yake, na kilele chake kina zaidi ya meta 3,400. Wajumbe wawili wakiondoka pamoja upande mmoja wa mlima wakiwa na habari ileile, mmoja akizungukia mashariki na mwingine magharibi, watafika upande wa pili kwa nyakati tofauti, kwa kuwa njia hazilingani. Katika lenzi ya uvutano sababu ni mbili: urefu wa njia, na ukweli kwamba wakati huenda polepole zaidi karibu na maada nyingi. Kwa kwasa ya Dubu Mkubwa tofauti hiyo ilithibitishwa mwaka 1997 kuwa siku 417. Mabadiliko ya mng'ao yanayoonekana leo katika taswira ya kwanza yatarudiwa na taswira ya pili baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Pacha wa kibinadamu hawafanyi hivyo. Neno pacha, ambalo bado limo katika jina la mazoea la kwasa hiyo, lilishindwa kisayansi likabaki kimazoea, na Kiswahili hakilazimiki kulirithi. Neno taswira linatosha: taswira mbili za kwasa moja.

6.0 Kutoka -vuta hadi Uvutano

Neno la pili katika istilahi hii lina historia ya ndani ya Kiswahili. Kutokana na -vuta hupatikana -vutana, kwa kiambishi -an- cha kutendana, na kutokana na -vutana hupatikana nomino mbili: mvutano katika ngeli ya U-I, na uvutano katika ngeli ya U. Lugha za Ulaya zilichagua kuanzia kwenye uzito; neno lao linatokana na Kilatini gravis, kizito. Kiswahili kilianzia kwenye kutendana, na kwa sheria ya Newton ya mwaka 1687 uchaguzi huo ni sahihi zaidi. Dunia huvuta tunda, na tunda huvuta dunia kwa nguvu ileile. Mwanafunzi wa Haydom aliyeielewa -an- ya kupigana na kusaidiana ameshashika nusu ya sheria kabla ya kufungua kitabu.

Lakini ni nusu, na hapa tarakimu zina maana. Kuvuta peke yake ndiko kulikompa Soldner jibu lake. Nusu ya pili ya sekunde 1.75 hutokana na kupinda kwa nafasi yenyewe. Katika maelezo ya Einstein mwanga hauvutwi kando ya njia yake. Hufuata njia iliyonyooka kadiri iwezekanavyo ndani ya nafasi isiyonyooka. Kwa hiyo istilahi lenzi ya uvutano, ikisomwa kwa mofolojia tupu, huahidi matokeo ya Newton.

Je, istilahi hiyo iachwe? La hasha. Hakuna lugha iliyoacha jina lake la uvutano kwa sababu ya Einstein. Pengo linaweza kuzibwa na kitenzi, na hapa Kiswahili kina zana ambayo lugha nyingine hazina kwa urahisi. Kupindwa kuna -w- ya kutendwa, na humtaka mtenda: mwanga hupindwa na jua. Kupindika kuna -ik- ya hali, na hakumtaki mtenda: mwanga hupindika, kwa kuwa nafasi imepindika. Tofauti ya kiambishi kimoja ndiyo tofauti ya nadharia mbili, ya mwaka 1801 na ya mwaka 1915. Mwalimu anayesema hupindwa ametoa maelezo ya Newton, ajue au asijue. Anayesema hupindika amefungua mlango wa Einstein. Aidha, katika eneo ambalo jua na Mungu huweza kuwa neno moja, kupindika humwondolea mwanafunzi swali lisilo la fizikia, yaani nani aliyependa kuupinda mwanga huo.

Kuhusu nomino, mvutano na uvutano zimetumika zote mbili kwa dhana hii, na mara nyingi zimeachwa zichanganyike. Mchanganyiko huo sasa una gharama. Wanaastronomia wanaopima kutanuka kwa ulimwengu hawakubaliani. Kipimo kilichotumia kwasa sita zilizoonekana kupitia lenzi, kilichotolewa kati ya miaka 2019 na 2020, kilipata takriban kilometa 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Vipimo vya mwanga wa kale wa ulimwengu kutoka chombo cha Planck vinatoa takriban 67. Kutokubaliana huko huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo tafsiri yake ya kawaida ni mvutano, kama mvutano wa kisiasa. Kama uvutano nao utaitwa mvutano, mwanafunzi atakuta sentensi isemayo kwamba mvutano umetumika kupima mvutano, na hatajua lipi ni nguvu ya maumbile na lipi ni ubishi wa watu. Ngeli za Kiswahili zinatoa suluhisho bila kuazima kitu: uvutano kwa nguvu ya maumbile, mvutano kwa kutokubaliana.

7.0 Istilahi na Darasa

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili haikuanza jana. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, fizikia ya sekondari kwa jumla bado hufundishwa kwa Kiingereza.

Kwa mtoto wa Mbulu maana yake ni kwamba lenzi humfikia katika lugha ya tatu. Nyumbani husema Kiiraqw au Kidatooga. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili. Sekondari humpokea kwa Kiingereza, na kila kivuko humtaka aanze upya. Si sadfa kwamba Martha Qorro, mmoja wa watunzi wa kamusi ya Kiiraqw, amekuwa pia miongoni mwa watafiti waliotetea kwa muda mrefu ufundishaji kwa lugha anayoielewa mwanafunzi. Anayefahamu jinsi lugha ya kwanza ilivyopangika huona haraka ni nini kinachopotea lugha ya tatu inapokuja bila daraja.

Hata hivyo, kutetea Kiswahili hakutoshi ikiwa istilahi zitakazotumika zitakuwa maganda. Neno kwasa litabaki la kuazima, na si aibu, kwani hata katika Kiingereza ni kifupisho kilichotengenezwa. Lakini palipo na mofolojia hai, kama katika uvutano, taswira na kupindika, kuikwepa kwa kuogopa kuonekana wa kienyeji ni kumnyang'anya mwanafunzi chombo alichokuja nacho darasani. Waliolipa jina Kilimia hawakuazima. Walitazama nyota zinawasaidia kufanya nini, wakaziita hivyo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ina nyakati tatu za jina. Mwaka 1919 Lodge alihoji kama uvutano wa jua ni lenzi, na pingamizi lake lilitaja kasoro ya kweli. Mwaka 1979 Walsh na wenzake waliuliza kama ni pacha au lenzi, na swali lao liliwezekana kwa sababu majina yote mawili yalikuwa mezani. Leo Kiswahili kinauliza kama mwanga hupindwa au hupindika, na kama nguvu ni uvutano au mvutano. Katika kila swali, kuchagua jina ni kuchagua dai kuhusu ulimwengu.

Basi kidahizo cha lenzi ya uvutano katika kamusi ijayo ya fizikia kinapaswa kubeba mambo manne: kwamba maada nyingi iliyo mbele, kama vile galaksi, hufanya mwanga wa kitu cha nyuma upindike; kwamba kitu hicho huweza kuonekana kama taswira zaidi ya moja, au kama pete; kwamba lenzi hii, tofauti na ya kioo, haina fokasi moja; na kwamba uvutano hapa si kuvutana tu, bali pia kupindika kwa nafasi na wakati. Ni mistari minne tu. Mwanafunzi wa Katesh atakayeisoma hatahitaji kukariri, kwa sababu ataweza kuuliza. Na lugha inayomwezesha msemaji wake kuuliza swali la mwaka 1979 kwa maneno yake mwenyewe imeshaacha kutafsiri sayansi ya wengine, imeanza kuifanya.